Neno Moja Chini ya Mstari Mwekundu

Giza lililoingia Unguja tarehe 10 Disemba 2009 lilidumu kiasi cha miezi mitatu. Umeme wa kisiwa, uliokuwa ukija kutoka Bara kwa waya wa baharini, ulikatika, na watu wakarudi kwenye mishumaa na kandili. Maji yakauzwa kwa madumu kwa kuwa pampu zilinyamaza. Wenye maduka makubwa wakanguruma na majenereta yao mchana, na usiku mji ukawa kama ulivyokuwa zamani za mababu, watu wakitambuana njiani kwa sauti.

Ni katika giza hilo ndipo Maalim mmoja mstaafu, aliyesomesha hesabu skuli kwa zaidi ya miaka thelathini, alipoanza kuyaandika mashairi ya dada yake. Mwezi mmoja kabla alikuwa amejinunulia kompyuta ndogo ya mapajani, Asus ya jamii ya Eee PC, skrini yake inchi 10, nyepesi hata mtu aweza kuibeba kwapani kama msahafu. Wenziwe wa barazani walimcheka wakaiita kidaftari cha umeme. Lakini giza lilipoingia kicheko kilikoma, kwani kidaftari kile kikishiba umeme mchana katika duka lenye jenereta, kiliweza kukesha saa tano na zaidi bila ya kuomba kitu. Simu ya Maalim haikuweza hata hayo, na kwa hivyo hakuna sauti iliyorikodiwa. Jambo hili msomaji alikumbuke.

Dada mtu alikuwa amemtangulia mdogo wake kwa miaka kumi na moja. Alikuwa mtunzi wa wale ambao jina lao halikupata kuchapishwa popote. Akitungia harusi, akitungia walioachwa, akitungia pia mafumbo ya kuwachoma wanaostahiki kuchomwa, na yote hayo akiyahifadhi kifuani. Herufi za Kiarabu alizijua, ila macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na akakataa katakata kupasuliwa. Basi ikawa kila baada ya chakula cha usiku yeye amelala juu ya kitanda cha mayowe, na ndugu yake amekaa chini kwenye mkeka, uso wake umemulikwa na skrini. Dada akisoma mshororo, ndugu akiupiga, kisha akimsomea, naye akisema "ndiyo" au "hapana". Mara nyingine alikuwa ameshasinzia, na "ndiyo" yake ikawa ni pumzi tu.

Aliwahi kumuuliza, "Haya yote yakishaingia humo, mie n'tabaki na nini?" Ndugu akacheka. Siku nyingine akauliza, "Na hicho kisanduku chako hakisahau?" Maalim akajibu, kwa yakini ya mtu wa hesabu, kwamba hakisahau.

Umeme uliporejea, Machi 2010, ndani ya kisanduku mlikuwa na mashairi sitini na tatu.

Kuna kazi ya pili ambayo Maalim aliifanya katika usiku ule bila ya kuijua kuwa ni kazi. Programu aliyoitumia kuandikia ilikuja kutoka dukani ikiwa inajua Kiingereza peke yake. Kila neno alilolipiga ililipigia mstari mwekundu uliopindapinda kama wimbi dogo la ufukweni. Bahari ni kosa. Mapenzi ni kosa. Jina la dada yake, kosa. Ilikuwapo dawa yake wakati huo kwa wanaoijua: tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kuitoa OpenOffice iliyozungumza Kiswahili, ikapewa jina la Jambo. Lakini Maalim hakuwa na habari, na wala hakuwa na intaneti. Alichokijua ni kwamba neno likibonyezwa kwa kitufe cha kulia, linaweza kuingizwa katika kamusi ya mashine yenyewe, na tokea hapo mashine hulinyamazia. Basi akaliingiza moja, akaliingiza jengine. Mwenye kukijua Kiswahili atafahamu ukubwa wa kazi hii, kwani kitenzi chetu kina nyuso zisizohesabika, na aliyekwisha kuifundisha mashine "nilikupenda" bado hajaifundisha "hukunipenda" wala "wangalipendana". Hata hivyo, mwisho wa miezi mitatu kurasa zilikuwa nyeupe, hazina hata wimbi moja jekundu. Maalim alizitazama kama mkulima anavyolitazama konde alilolipalilia.

Dada mtu akafariki mwaka 2011.

Kwa nini mashairi hayakuchapishwa karatasini mara moja? Hili huulizwa na kila anayekisikia kisa hiki, na jawabu yake haina uzuri. Maalim alikuwa akisubiri ayapange, ayaandikie utangulizi, atafute maana za maneno magumu. Mtu aliyefiwa hupenda kujipa kazi isiyokwisha. Ilipofika mwaka 2012, na jamaa wakawa wanaulizia nakala za kusomwa katika hitima, ndipo alipoyatia mashairi yote katika flashi akaenda nayo kwenye duka moja la kuchapisha. Siku hiyo mashine ya kuchapishia ilikuwa imekwisha wino. Flashi ilichomekwa, majalada yakaonekana, akaambiwa arudi kesho. Akarudi nyumbani bila ya karatasi hata moja, akaichomeka flashi yake katika kompyuta yake, na maradhi yakaingia kwa mlango huo.

Namna yanavyoingia haina miujiza. Windows XP, ambayo ndiyo iliyokuwamo katika kompyuta ile, ilikuwa na ada ya ukarimu uliopita kiasi: ukichomeka kitu, yenyewe hukisoma kijifaili kidogo kiitwacho autorun na kufuata kilichoandikwa humo, kama mwenye nyumba anayemfungulia kila apigaye hodi bila ya kuuliza nani. Mwezi wa Februari 2011 Microsoft iligawa rekebisho la kuukomesha ukarimu huo kwa upande wa flashi. Lakini rekebisho lilipitia intaneti, na kompyuta ya Maalim haikupata kuugusa mtandao. Kukaa peke yake, alikokudhani kuwa ni kinga, ndiko kulikoiacha bila ya kinga.

Dalili zilianza polepole. Mashine ikawa nzito. Majalada ndani ya flashi yakawa yanaonekana kama yenyewe, lakini kila moja likifunguliwa halina kitu, kwani halikuwa jalada bali programu iliyojivika sura ya jalada, na majalada ya kweli yamefichwa nyuma yake. Programu ya kupambana na virusi ikakataa kufunguka. Dirisha la kuonesha kazi zinazoendelea likajibu kwamba limefungwa na msimamizi wa kompyuta, na msimamizi ni yeye Maalim, naye hakufunga kitu. Alipojaribu kuiwasha katika ile hali ya usalama, skrini ikawa buluu tupu yenye maandishi meupe. Hapo akaifunga, akaifunga na kanga ya marehemu dada yake, akaenda nayo Darajani.

Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kibanda chake hakizidi upana wa mlango. Aliamkia "Shikamoo Maalim", maana mamake alisomeshwa naye, kisha akaitazama mashine kimya kwa muda.

"Maalim, hii ina wadudu wawili," alisema. "Mmoja mchezo tu, anaficha mafolda. Wa pili ni Sality."

Sality ni kirusi kinachojulikana tangu mwaka 2003. Kazi yake ni kujibandika katika mafaili ya programu, moja baada ya jengine, ili kila programu inapofunguliwa yenyewe ifunguke kwanza. Huziua programu za ulinzi, hulifunga dirisha la kazi, hufuta njia ya kuingilia ile hali ya usalama. Kwa maneno mengine, kila dalili aliyoiona Maalim ilikuwa ni mkono wa mdudu huyo akifunga milango kwa ndani. Fundi alieleza kwamba kumsafisha ni sawa na kuchambua gunia la mchele ulioingia fukusi. Unaweza, lakini ukimwacha mmoja, baada ya wiki gunia ni lao tena. Afadhali kulimwaga lote.

"Na mashairi?" Maalim akauliza.

"Mashairi hayaumwi, Maalim. Huyu anakula programu, hati za kuandika hazili. Ila yamelala chumba kimoja na wagonjwa."

Ufumbuzi wake ulikuwa wa kupendeza, na unastahili kuelezwa. Alichukua flashi yake mwenyewe iliyokuwa na Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, akaiwasha kompyuta kwa kupitia flashi hiyo badala ya diski yake. Mashine ikaamka na akili ya kuazima. Windows, pamoja na wadudu wake wote, ikabaki imelala diskini kama mtu aliyepewa dawa ya usingizi, na kwa kuwa programu isiyoendeshwa haina nguvu, hapakuwa na aliyeweza kudhuru. Majalada yaliyofichwa yakajitokeza, kwani amri ya kujificha ilikuwa ni ya Windows na Linux haikuitii. Fundi akayanakili mashairi, hati moja moja, akikataa kuchukua chochote chenye sura ya programu. Akayafungua yote sitini na tatu mbele ya macho ya Maalim. Kisha, bila ya kuombwa, akayachapisha karatasini. Kurasa tisini na saba, za kwanza katika uhai wa mashairi hayo.

Kilichofuata ni kufuta. Kompyuta ndogo za wakati ule hazikuwa na mahali pa kutilia sidii, na kwa hivyo mtengenezaji aliacha ndani ya diski sehemu iliyofichwa, chumba kilichofungwa chenye nakala ya mashine kama ilivyotoka kiwandani. Katika Eee PC ufunguo wa chumba hicho ni kitufe cha F9, kinachobonyezwa mashine inapoanza kuwaka. Lakini ufunguo hauingii mpaka kwanza uzimwe, kule kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ule utaratibu wa kuharakisha kuwaka uitwao Boot Booster, kwani mashine inayowaka mbio haina nafasi ya kumsikiliza anayebisha. Fundi akauzima. Akabonyeza. Mashine ikauliza: irejeshwe sehemu ya kwanza ya diski peke yake, au diski nzima?

Hapo palikuwa na mvutano. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, na muuzaji alimshauri Maalim aweke vitu vyake katika ya pili, kwamba huko ni salama. Maalim alitaka hiyo iachwe. Fundi akasema katika hiyo ya pili mna programu kadhaa alizowahi kupewa na marafiki, kamusi moja na michezo ya wajukuu, zote zimeliwa; akiiacha, siku atakapobonyeza mojawapo kazi yote imekuwa bure.

"Una karatasi mkononi, Maalim. Unayo flashi mpya, na nakala moja naiweka kwangu. Futa."

Maalim alizitazama karatasi kwa muda. Kisha akabonyeza mwenyewe. Alitaka, kama alivyokuja kusema baadaye, mkono uwe wake.

Kazi ilichukua muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa. Umeme ulikatika katikati, betri ikaendelea, na hakuna aliyesema kitu mpaka uliporudi. Mashine ilipowaka iliuliza jina la mwenyewe, kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani mwa watu asiowajua. Picha ilikuwa ni ile ya siku ya dukani. Hapakuwa na jalada la wajukuu, wala mpangilio wowote wa miaka mitatu. Ilikuwa safi, na Maalim alipoilinganisha na alivyoizoea, usafi ule ulimtia baridi.

Fundi akairejesha programu ya kuandikia, akaingiza nakala. Usiku ule Maalim akalifungua shairi la kwanza, na ukurasa mzima ukawa mwekundu.

Kamusi haikunakiliwa. Maneno ambayo mtu huifundisha programu ile hayakai pamoja na hati zake, hukaa katika kijifaili peke yake, ndani kabisa ya jalada ambalo mtumiaji wa kawaida halioni. Fundi hakulifikiria, na hapana wa kumlaumu. Aliombwa mashairi na mashairi aliyaleta. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kazi ya pili ya kuokolewa. "Kama ilivyotoka kiwandani" kumbe maana yake ilikuwa hiyo: mashine isiyopata kusikia hata neno moja la Kiswahili.

Maalim alihuzunika kwa wiki nzima. Kisha akaanza upya, kwa ukaidi ule ule wa mwalimu aliyepewa darasa jipya la watoto wasiojua moja wala mbili. Neno baada ya neno, akiliangalia, akilipa ruhusa. Na hapa ndipo kisa kinapogeuka, kwani alianza kugundua makosa yake. Katika usiku wa 2009, kwa giza na kwa mbio za kuifuata sauti, vidole vyake vikubwa juu ya vitufe vile vidogo viliteleza mara nyingi, na kwa kuwa kila neno lilikuwa jekundu, la sahihi na la makosa, aliyaruhusu yote kwa pamoja. Mara moja tu ilitosha. Mashine ilinyamaza, na ukimya wake yeye akaufanya ushahidi. Ule weupe wa kurasa alioufurahia ulificha makosa kama mia mbili. Sasa kila neno lilisimama mbele yake tena likidai kuulizwa, na aliyekuwa akijibu hayupo.

Mengi aliyarekebisha kwa urahisi. Palipopungua mizani, alijua herufi imemezwa. Palipovunjika kina, alijua pa kutazama. Hii ndiyo faida ya ushairi wa kanuni juu ya maneno ya kawaida, kwamba una uzio, na mnyama akitoroka tundu huonekana. Wanaoudharau uzio huo wangeona usiku ule unavyofanya kazi.

Akafika kwenye shairi la mwisho. Dada yake alilitunga humo humo gizani, usiku mmoja kabla ya umeme kurudi, na mlengwa wake alikuwa yeye Maalim. Linamzungumza mwizi anayekuja usiku na taa yake, anakaa mkekani kwa adabu, anachota kila kilichomo ndani ya nyumba, na asubuhi nyumba haikupungukiwa na kitu ila mwenyewe hana chake. Katika ubeti wa tatu mwizi anaelezwa sura. Ndugu mtu alikuwa ameandika kwamba mwizi huyo ana macho ya lozi. Kwa miaka mitatu alikuwa akiupenda ubeti ule kuliko zote. Aliupokea kuwa ni utani wa dada, lawama iliyofunikwa kwa mahaba, kwani nani humsifu mwizi macho?

Lakini sasa neno "lozi" lilikuwa na mstari mwekundu chini yake, na Maalim, kwa ada aliyoipata katika wiki zile, aliutazama ubao wa vitufe. Herufi L imekaa ubavuni mwa K. Alikuwa ameshakuta mahali kumi na moja ambapo kidole kilikosea baina ya hizo mbili. Je, kama dada alisema kozi?

Mizani haikumsaidia, kwani yote mawili ni ya mizani mbili. Kina hakikumsaidia, kwani yote mawili yanakwisha kwa "zi". Ule uzio wa kanuni uliomtoa katika mashaka mangapi ulisimama imara, na nyuma yake walikuwapo wanyama wawili wanaofanana. Maana nayo ilikubali huku na huku. Mwizi mwenye macho ya kozi, ndege yule aonaye kifaranga kutoka mbinguni, anafaa katika shairi la kuchotwa kuliko hata mwenye macho ya lozi. Na kozi naye si lawama tupu, kwani washairi wamemsifu kwa ushujaa na utulivu wa macho. Dada mtu alikuwa fundi wa mafumbo. Angeweza kulichagua neno hilo kwa pande zake mbili. Angeweza pia kuwa amesema "lozi" tu, akimkumbuka mdogo wake alipokuwa mtoto wa miaka miwili, mgongoni mwake.

Maalim alijaribu kuisikia sauti. Alikumbuka mkeka, kandili, mbu. Alikumbuka kwamba alimsomea ubeti ule, na kwamba jibu lilikuwa "ndiyo". Asichokikumbuka ni kama ilikuwa ndiyo ya mtu aliye macho.

Aliwauliza wawili watatu wanaojua. Mmoja alisema iwe kozi, bila ya shaka. Mwengine alisema mtu haachi alichokiandika kwa kusikia akafuata alichokikisia miaka mitatu baadaye. Wote wawili wana haki, na wahariri wa tenzi za kale wameyagombania hayo hayo juu ya hati za karatasi. Tofauti ni kwamba mnakili wa zamani akikosea herufi, mwandiko wake huacha alama, mkwaruzo, wino mzito, pahala pa kushika. Kitufe kikibonyezwa hakiachi kitu. Lozi ile ni safi kama lozi nyengine yoyote duniani.

Maneno mengine yote aliyaruhusu. Hilo moja hakuliruhusu, akaliacha na mstari wake.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na kompyuta ile ndogo haikuishi muda mrefu baada ya hapo. Bawaba za skrini zilivunjika, na sasa imo kabatini, imefungwa katika ile ile kanga. Mashairi yalihamia katika kompyuta ya mjukuu, mpya, inayokijua Kiswahili tokea ilipofunguliwa. Mjukuu aliyafungua kumwonesha babu yake. Kurasa zilikuwa nyeupe zote, na nyeupe pia ilikuwa ubeti wa tatu wa shairi la mwisho, kwani lozi ni neno sahihi, na kozi ni neno sahihi, na mashine haikuona cha kuuliza.

Maalim aliomba achapishiwe ukurasa ule. Kisha akaomba kalamu nyekundu, akaupiga mstari mwenyewe.